Felspa: Jiwe Lililozaa Udongo wa Usukuma

Mtu asafiriye kwa gari la moshi kutoka Tabora kwenda Mwanza hupita katika nchi iliyo wazi ya Shinyanga, ambako kila baada ya mwendo mfupi hutokea vilima vya mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Mawe hayo ni matale, ambayo wengine huyaita graniti. Wenyeji wameyazoea mno hata hawayatazami tena. Wageni nao waliofika huko kwa karne moja iliyopita walikuja na macho yaliyotafuta vitu viwili tu: almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita na Kahama.

Hata hivyo, madini yaliyofanya kazi kubwa kuliko yote katika maisha ya watu wa nchi hiyo si almasi wala dhahabu. Ni felspa, madini yaliyo mengi zaidi katika kila jiwe la itale. Pamba, mpunga, mtama na viazi vya Usukuma humea katika udongo ambao sehemu yake kubwa ilikuwa felspa zamani. Makala haya yaeleza felspa ni nini, namna ya kuitambua, jinsi inavyooza ikawa udongo, na kazi zake viwandani. Mwishoni yametolewa majaribio machache yawezayo kufanywa na wanafunzi bila ya vyombo vya gharama.

FELSPA NI NINI?

Felspa si jina la madini ya namna moja tu, bali ni la ukoo mzima wa madini. Ukoo huo ndio mkubwa kuliko koo zote katika ganda la dunia, kwani zaidi ya nusu ya ganda hilo ni felspa. Hata sehemu zing'aazo za Mwezi tuzionazo usiku zimejengwa hasa kwa mwamba wa felspa. Jambo hilo lilithibitika baada ya wanaanga wa Marekani kuleta mawe ya Mwezi kuanzia mwaka 1969.

Watu wote wa ukoo huu wana mifupa ya aina moja. Mifupa hiyo ni kiunzi cha silikoni, aluminiamu na oksijeni, kilichofungamana pande zote kama paa la nyumba lililosukwa kwa fito. Silikoni ina mikono minne ya kushikia, lakini aluminiamu ina mitatu tu. Kwa hiyo kila mahali ambapo aluminiamu imeshika nafasi ya silikoni hubaki upungufu wa chaji ya umeme, na upungufu huo hapana budi ujazwe. Wanaoujaza ni wapangaji watatu wakaao katika nafasi zilizo wazi za kiunzi: potasiamu, sodiamu na kalisiamu. Mpangaji ndiye aipaye felspa jina lake:

Othoklesi, yenye potasiamu: KAlSi3O8
Albiti, yenye sodiamu: NaAlSi3O8
Anothiti, yenye kalisiamu: CaAl2Si2O8

Sodiamu na kalisiamu zaweza kukaa pamoja katika fuwele moja kwa kiasi chochote. Felspa za mchanganyiko huo huitwa plajioklesi. Msomaji na awakumbuke wapangaji hawa watatu, maana safari zao baada ya nyumba kubomoka ndizo zielezazo tabia ya udongo wa Shinyanga.

NAMNA YA KUITAMBUA

Chukua kipande cha itale kilichovunjika karibuni, ukigeuzegeuze juani. Utaona punje za namna tatu. Vigamba vyeusi ving'aavyo ni ulanga. Punje za kijivu zifananazo na kioo chenye ukungu, zisizo na uso ulionyooka, ni kwatzi. Punje za rangi ya waridi, nyeupe au kijivujivu, ambazo zikipata jua humeta kwa nyuso bapa kama vipande vidogo vya vigae, ndizo felspa. Humeta hivyo kwa sababu hupasuka kwa kufuata pande mbili zinazokutana karibu kwa pembe mraba. Kwatzi haina pande za kupasukia, nayo huvunjika ovyo kama chupa.

Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, felspa ni ya daraja la 6 na kwatzi ni ya daraja la 7. Kwa hiyo felspa hukwaruza kioo cha dirisha, lakini yenyewe hukwaruzwa na kwatzi. Uzito wake ni kama mara 2.6 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Dhahabu safi ni mara 19.3. Ndiyo maana mchimbaji mdogo aoshaye mchanga wake mwaloni huona felspa na kwatzi zikichukuliwa na maji, na dhahabu ikisalia.

FELSPA KATIKA NCHI YA DHAHABU NA ALMASI

Sehemu kubwa ya Shinyanga na Geita imejengwa juu ya mwamba wa kale sana, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Matale ya mwamba huo yamezunguka mikanda ya miamba mingine iliyotokana na volkano na matope ya bahari za zamani, na mikanda hiyo ndiyo yenye dhahabu nyingi. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuitoa mwaka 2000. Dhahabu hiyo hupatikana hasa ndani na kandokando ya miamba ya chuma yenye michirizi. Lakini huko Buzwagi, karibu na Kahama, ambako mgodi ulifanya kazi toka mwaka 2009 hadi 2021, dhahabu ilikuwa katika mishipa ya kwatzi ipitayo ndani ya itale lenyewe, itale lenye fuwele kubwa za felspa ya potasiamu.

Mtafutaji wa dhahabu mwenye macho huitazama felspa kwa makini. Maji ya moto yaliyopanda kutoka chini yakiwa yamebeba dhahabu yalipita katika nyufa za miamba. Yalipoigusa felspa yaliigeuza, na mara nyingi kilichobaki ni ulanga mweupe wenye chembe ndogo mno, laini kama hariri. Mwamba ambao felspa yake imepoteza uso wake wa kumeta ikawa laini huenda ulipitiwa na maji ya namna hiyo. Dalili hiyo peke yake si hakika ya dhahabu, bali ni sababu ya kutazama tena.

Katika almasi mambo ni kinyume. Mwamba uitwao kimbaliti, ambao John Williamson aligundua huko Mwadui mwaka 1940 kuwa una almasi, ulipanda kutoka vilindini mno ukatoboa itale, na kwa kawaida wenyewe hauna felspa. Basi mahali ambapo udongo umejaa punje za felspa, mtafutaji hujua ya kuwa chini yake yaelekea kuwa itale.

JIWE HUOZAJE?

Itale huonekana kama kitu kisichokufa, lakini lina adui mpole asiyechoka, naye ni maji ya mvua. Mvua inapopita hewani na katika udongo wenye mizizi huchukua hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo haiwezi kuidhuru kwatzi, lakini huivunja felspa polepole. Kwa felspa ya potasiamu, kazi hiyo yaweza kuandikwa hivi:

2KAlSi3O8 + 2H2CO3 + 9H2O → Al2Si2O5(OH)4 + 4H4SiO4 + 2K+ + 2HCO3−

Kitu cha kwanza upande wa kulia ni kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi. Silika iliyoyeyuka na wapangaji waliofukuzwa huchukuliwa na maji. Kwa hiyo nyumba hubomoka, matofali yake hujengewa kibanda kidogo zaidi cha udongo, na wapangaji hushika njia.

Felspa zote hazioi kwa mwendo mmoja. Ile ya kalisiamu huoza upesi zaidi, ya sodiamu hufuata, na ya potasiamu hudumu kuliko zote mbili. Kwatzi hubaki nyuma kabisa, nayo ndiyo mchanga tuukanyagao. Haya yote huanza katika nyufa na pembe za mwamba, ambako maji hupenya pande nyingi. Pembe huliwa kwanza, na jiwe lililokuwa na kona huishia kuwa duara. Hiyo ndiyo asili ya mawe yaliyobebana juu ya vilima vya Usukuma na kando ya ziwa huko Mwanza. Yaliumbwa chini ya udongo kwa kuoza, kisha udongo uliokuwa ukiyafunika ukachukuliwa na maji.

MNYORORO WA UDONGO

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa kemia ya udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, huko Usambara, aliona jambo moja lililorudiwa mahali pengi katika Afrika Mashariki. Ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni hukutana na udongo mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu ule ule, kama pete za mnyororo. Mwaka 1935 alipendekeza utaratibu huo uitwe katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo latumika leo duniani kote.

Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya pete hizo kabla ya wataalamu. Karibu na kilima cha matale hupatikana udongo wa kichanga uitwao luseni. Huo ni kwatzi iliyobaki, pamoja na punje za felspa ya potasiamu ambazo hazijamalizika kuoza. Ni mwepisi kulimwa, hupitisha maji upesi, na hufaa kwa mihogo, karanga na viazi. Punje za felspa zilizomo hutoa potasiamu kidogo kidogo, lakini felspa haina naitrojeni wala fosforasi. Ndiyo sababu luseni huchoka mapema, na ndiyo sababu samadi ya zizini ina thamani kubwa huko: huleta kile ambacho mwamba hauwezi kutoa.

Chini zaidi ya mteremko hukutwa udongo wa kijivu, mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, uitwao itogolo, na mahali pengine ibambasi. Hapa ndipo msafiri wa pili, yaani sodiamu, alipotua. Sodiamu iliyotoka katika plajioklesi husafiri na maji ya chini kwa chini, na katika nchi ya mvua ya kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka hakuna maji ya kutosha kuifikisha mbali. Inapojikusanya katika udongo wa mfinyanzi huzifanya chembe zake zisukumane badala ya kushikana. Zikilowa hutawanyika, na zikikauka huziba kila tundu. Mizizi ya pamba haipenyi humo, na maji ya mvua hayazami.

Bondeni kabisa ni mbuga, jina ambalo Usukumani ni la udongo mweusi wa mfinyanzi upasukao nyufa pana wakati wa jua na kunata vibaya wakati wa mvua. Huko ndiko silika iliyoyeyuka na kalisiamu zilikofikia. Hukutana na kuunda mfinyanzi wa aina nyingine, ambao huvimba unywapo maji na kunywea ukaukapo. Vibonge vyeupe vya chokaa vionekanavyo mara nyingi ndani ya mbuga ni ile kalisiamu iliyomaliza safari.

Elimu hii ina maana gani kwa mkulima? Tazama majaruba ya mpunga. Udongo mgumu usiopitisha maji ni hasara kwa mpanda pamba, lakini mkulima wa Shinyanga aliuzungushia matuta, akayazuia maji ya mvua juu yake, akavuna mpunga katika nchi isiyo na mito idumuyo. Ila ya udongo imegeuzwa kuwa faida. Lakini udongo huo huo una hatari. Kwa kuwa chembe zake hutawanyika upesi majini, ukivuliwa nyasi na miti huchukuliwa na mvua na kuacha makorongo. Shinyanga ililiona jambo hilo kwa uchungu kabla ya mwaka 1986, ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mpango huo uliwarudisha watu kwenye desturi ya zamani ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Kilichohifadhiwa hapo ni felspa iliyochukua maelfu ya miaka kuoza, nayo yaweza kupotea kwa masika machache.

FELSPA KIWANDANI

Kazi kubwa ya felspa viwandani ni mbili: vioo na vyombo vya udongo. Katika kioo, felspa huleta aluminiamu, ambayo hukipa kioo nguvu na kukifanya kisiliwe na maji na kemikali, na huleta pia sodiamu au potasiamu zisaidiazo kuyeyusha mchanga. Mchanga safi wa kwatzi huhitaji joto la kadiri ya digrii 1,700 za Sentigredi ili uyeyuke. Felspa za potasiamu na sodiamu huanza kuyeyuka kwenye digrii kama 1,100 hadi 1,150.

Sifa hiyo ya kuyeyuka mapema ndiyo ipendwayo na watengenezaji wa vikombe vya kauri, vigae, masinki na vikombe vya umeme vya kuhami nyaya. Katika tanuri, felspa huyeyuka polepole ikawa kama asali nzito, ikajaza nafasi zilizo baina ya chembe za kaolini na kwatzi, na ipoapo hugeuka kioo kilichovigundisha vyote pamoja. Felspa ni gundi, kaolini ni mwili. Tanzania ina hazina kubwa ya kaolini katika Milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam, na katika miaka ya 2010 viwanda vikubwa vya vigae vilijengwa katika Mkoa wa Pwani.

Hapa yafaa kuulinganisha mtungi wa nyumbani na kikombe cha kauri. Mfinyanzi wa kijijini huchoma vyungu vyake kwa kuni na nyasi, na moto wake kwa kawaida haufikii digrii 1,000. Punje za felspa zilizomo katika udongo wake haziyeyuki, na matundu madogo hubaki. Maji hupenya polepole hadi nje ya mtungi, hugeuka mvuke na kuchukua joto, na maji yaliyomo ndani huwa baridi. Kikombe cha kauri hakivuji kwa sababu felspa yake imeyeyuka. Mtungi hupoza maji kwa sababu felspa yake haikuyeyuka.

FELSPA NI SAA

Sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani, ya namna iitwayo potasiamu 40, hugeuka yenyewe, na baadhi yake huwa gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu 40 humalizika kila baada ya miaka milioni 1,250 hivi. Felspa izaliwapo katika volkano haina agoni hiyo. Baadaye agoni hujikusanya ndani ya fuwele mwaka hadi mwaka. Apimaye agoni na potasiamu katika fuwele hujua umri wake. Kwa njia hiyo majivu ya volkano ya Bonde la Olduvai yalipimwa, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, lilikuwa na umri wa miaka kama milioni 1.75.

VUMBI LA KARASHA

Jambo moja halina budi kusemwa kwa ajili ya vijana wafanyao kazi katika machimbo madogo ya Geita na Kahama. Silika iliyofungwa ndani ya kiunzi cha felspa si hatari sana kwa mapafu kama silika iliyo huru katika kwatzi. Lakini karasha haichagui: isagapo jiwe la dhahabu husaga vyote kwa pamoja. Vumbi la kwatzi livutwalo kwa miezi na miaka hutia makovu katika mapafu, na makovu hayo hayaponi. Mapafu yaliyokwisha umia hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kitambaa puani hakizuii chembe zilizo hatari zaidi, kwa kuwa ni ndogo mno. Kinga iliyo rahisi ni kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kusaga na wakati wa kusaga, na kuwaweka watoto mbali na karasha.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

1. Vunja kipande kidogo cha itale kilichofungwa ndani ya gunia, ili vipande visiruke machoni. Tenga punje za felspa, kwatzi na ulanga. Jaribu kukwaruza kipande cha kioo kwa felspa, kisha felspa kwa kwatzi. Andika matokeo.

2. Tafuta itale lililooza, lile livunjikalo kwa vidole. Linganisha felspa yake na ile ya itale zima. Je, bado yameta? Je, yaacha unga mweupe kidoleni?

3. Tia udongo katika chupa hadi robo, jaza maji, tikisa, kisha uiache. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi; mfinyanzi waweza kuelea siku nzima. Fanya hivyo kwa udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni, na upime tabaka kwa rula.

4. Dondosha kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya mahindi, katika bilauri ya maji ya mvua yaliyotulia. Usitikise. Kikizungukwa na wingu kama maziwa baada ya saa chache, yaelekea sodiamu ni nyingi, na udongo huo usiachwe wazi bila ya mimea.

Darasa litakalofanya majaribio haya kwa kushuka kutoka kilima kimoja hadi bonde lake, likiwauliza wazee jina la udongo katika kila kituo, litakuwa limechora mnyororo wa udongo wa kijiji chake. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa siku mbili, na ramani itakayopatikana yafaa kuonyeshwa kwa wazazi wenye mashamba. Dhahabu ya Geita itachimbwa hadi iishe, kama ilivyokwisha ya Buzwagi. Mnyororo huu utaendelea kuwalisha watu baada ya hapo, kama hautaachwa uchukuliwe na maji.